Simu ya nyumbani: RAM ngapi inatosha kweli?

Kwenye maduka ya simu ya Tunduma mjini, GB ndiyo lugha ya biashara. Boksi moja limebandikwa 8GB, jingine 12GB, la tatu 128GB, na muuzaji anazitaja namba hizo kwa kasi ileile ya mtu anayetaja bei ya debe la mahindi. "Mama, hii RAM nane, chuma hii. Mtoto atasomea mpaka chuo." Mzazi aliyetoka Chapwa asubuhi, mkononi ana fedha ya zamu yake ya upatu, anazitazama namba bila kuwa na mizani ya kuzipima. Anachojua ni kwamba kubwa ni ghali, na ghali huenda ikawa bora.

Huenda. Lakini kati ya simu ya RAM ya GB 4 na ile ya GB 8 au 12 kuna tofauti ya fedha inayoweza kununua sare na madaftari ya mtoto. Ndiyo maana swali la RAM si la mafundi peke yao. Ni swali la bajeti ya nyumba.

Jibu fupi, kwa mzazi anayesoma haya akiwa tayari dukani, ni hili: simu ya nyumbani inayofanya kazi zote inahitaji RAM ya GB 4 za kweli na nafasi ya kuhifadhi ya GB 64. Ya mtoto kusomea tu, GB 3 zinatosha kabisa, na hata 2 zinaweza kufanya kazi zikisimamiwa. Zaidi ya hapo, mara nyingi mzazi analipia michezo ya mapigano na sifa. Jibu refu lina mambo ya kuchekesha kidogo, na mengine ya kuudhi.

Kwanza, simu yenyewe ni nini. Karibu kila simu janja inayouzwa nchini, ukiacha iPhone, inaendeshwa na Android, na moyo wa Android ni Linux. Huu ni mfumo aliouanzisha mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, mwaka 1991 akiwa Helsinki, na hadi leo unagawiwa bure kwa yeyote anayetaka kuutumia. Linux hiyohiyo ndiyo inayoendesha ving'amuzi vingi vya televisheni na vile viboksi vya kusambaza intaneti madukani. Kwa hiyo mzazi anayenunua simu ananunua kompyuta ya Linux ya kushika mkononi, hata kama hakuna anayeiita hivyo pale dukani.

Na Linux yenyewe haina njaa. Mwaka 2005 Nokia walitoa kompyuta ndogo ya mkononi iliyoitwa Nokia 770, ikiendeshwa na Linux, ikiwa na RAM ya MB 64. Si GB, ni MB. Ilifungua kurasa za intaneti, ilisoma barua pepe, ilicheza muziki. Simu ya kwanza ya Android, HTC Dream ya mwaka 2008, ilikuwa na RAM ya MB 192. Simu ya GB 4, ile ambayo muuzaji anaionyesha kwa aibu kidogo kama ya bei ya chini, ina zaidi ya mara 20 ya hiyo.

Sasa kama mfumo wenyewe uliweza kuishi kwenye MB 64, hizo GB nyingine zinaliwa na nani?

Kaunta na stoo

Hapa kuna mkanganyiko unaowagharimu wazazi wengi, kwa sababu mitaani vitu viwili tofauti vinaitwa jina moja, memori. Mfanyabiashara wa Tunduma atauelewa haraka akifikiria duka. Nyuma kuna stoo, ambako mizigo inakaa hata usiku duka likiwa limefungwa. Mbele kuna kaunta, ambako mwenye duka anaweka vile anavyovishughulikia sasa hivi. Jioni kaunta inafutwa na kubaki tupu.

GB 64 au 128 ni stoo. Humo ndimo zinamokaa picha, video, programu na nyimbo, na simu ikizimwa vinabaki palepale. RAM ndiyo kaunta. Simu inapofungua WhatsApp, inaitoa stoo na kuitandaza kaunta. Ikifungua kamera, nayo inatandazwa. Kaunta ikiwa ndogo, kitu cha zamani kinarudishwa stoo ili kipya kipate nafasi.

Memori kadi inaongeza stoo. Haiongezi kaunta hata kidogo. RAM ya simu imechomelewa ndani kiwandani na hakuna fundi wa kawaida anayeweza kuiongeza, kwa hiyo kosa lililofanyika siku ya kununua litakaa na familia mpaka simu ife. Stoo ikijaa, mzazi ana la kufanya. Kaunta ikiwa finyu, hana.

Kinachoijaza kaunta ni picha kuliko maandishi. Picha iliyopigwa na kamera ya megapikseli 13 inakaa stoo ikiwa na MB nne au tano hivi, kwa sababu imekunjwa kama nguo zilizobanwa ndani ya begi. Ikifunguliwa ili itazamwe kwa ukubwa wake wote, kila nukta inahitaji nafasi yake, na ileile picha inakuwa MB 52 juu ya kaunta. Kioo cha simu nacho ni picha inayochorwa upya kila mara. Kioo cha HTC Dream ya 2008 kilihitaji kama nusu MB kwa kila mchoro. Kioo cha kawaida cha simu ya bei nafuu leo, cha nukta 720 kwa 1600, kinahitaji zaidi ya MB 4, na zile simu za kioo kikali zinahitaji MB 10. Kila programu iliyo wazi inashikilia michoro yake. Kurasa za intaneti za siku hizi, zenye matangazo na video zinazojicheza zenyewe, zinaweza kula makumi na hata mamia ya MB kila moja.

Watengenezaji wenyewe wamekiri kwa vitendo. Mwaka 2017 Google walitangaza toleo jepesi, Android Go, kwa simu zenye RAM isiyozidi GB 1. Mwaka 2022, Android 13 ilipokuja, sharti la toleo hilohilo jepesi lilikuwa RAM ya GB 2 na stoo ya GB 16 kwa uchache. Ndani ya miaka mitano tu, kiwango cha simu ya maskini kiliongezeka maradufu. Kazi za simu hizo hazikubadilika sana. Programu ndizo zilizonenepa.

Fomu inapopotea

Chapwa ni kata ya Mji wa Tunduma, na kama ilivyo kwa mji mzima wa mpakani, simu moja ya nyumbani hubeba majukumu ambayo kwingine yangegawanywa kwa vifaa vitatu. Ndiyo benki. Ndiyo daftari la wateja wa upande wa pili, Nakonde. Ndiyo kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa la mtoto, ambalo huwa na ujumbe mwingi kuliko darasa lenyewe. Jioni inakuwa darasa.

Chukua siku moja ya kawaida katika nyumba ya namna hiyo. Kijana amemaliza kidato cha sita na baba anamsaidia kujaza maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo hufanyika mtandaoni. Simu ina RAM ya GB 2. Karibu nusu ya hiyo, pengine zaidi, imeshachukuliwa na mfumo wenyewe kabla mtu hajagusa chochote. Kivinjari kimefunguka, ukurasa umejaa, majina yameandikwa, namba ya mtihani imeandikwa, sehemu ya wazazi imeandikwa. Sasa fomu inataka picha ya cheti cha kuzaliwa.

Baba anabonyeza mahali pa kupakia picha. Simu inafungua kamera. Kamera ni mlaji mkubwa, inataka kaunta karibu yote. Ndani ya Linux kuna mlinzi ambaye kazi yake ni kuhakikisha simu haikwami kabisa: nafasi ikiisha, anachagua programu ambayo haitazamwi kwa sasa na kuizima bila kuuliza mtu. Programu ambayo haitazamwi kwa sasa ni kivinjari. Picha inapigwa, inatoka nzuri, baba anabonyeza alama ya kukubali, na ukurasa unarudi mweupe na kuanza kujipakia upya. Kila kilichoandikwa na hakikuhifadhiwa kimekwenda.

Hapo lawama huwa nyingi. Mtandao mbovu. Mfumo mbovu. Mtoto aligusa mahali. Kumbe ni kaunta tu.

Tukio hilohilo lina sura nyingine ndogondogo. Programu ya benki inatuma namba ya siri kwa ujumbe mfupi, mzazi anatoka kwenda kuisoma, akirudi programu imeanza upya na namba ile haifai tena. Mtoto anaangalia somo, simu inaita, akimaliza kuongea video imerudi mwanzo na bando limeliwa mara mbili. Hakuna linaloonekana kubwa peke yake, lakini nyumba inalipa kwa muda, kwa bando na kwa hasira.

Kwa simu ya GB 3 ajali ya fomu inapungua sana. Kwa GB 4 inakuwa nadra. Kutoka 4 kwenda 8, mzazi wa kawaida atapata shida kuiona tofauti kwenye kazi hizi. Na kwa wenye simu ndogo tayari, kuna njia ya kuikwepa bila kununua chochote: kupiga picha za vyeti vyote kwanza, kufunga programu nyingine zote, ndipo kufungua fomu na kuchagua picha zilizokwisha kupigwa badala ya kufungua kamera katikati ya kazi. Pale panapokuwa na kitufe cha kuhifadhi, kibonyezwe kila hatua.

Hesabu ya nne jumlisha nne

Sasa lile la kuudhi. Boksi lililoandikwa 8GB, ukiligeuza na kusoma maandishi madogo, mara nyingi unakuta 4GB+4GB. Ndani ya simu, kwenye Mipangilio, sehemu ya Kuhusu simu, napo inaweza kuandikwa hivyohivyo: nne, alama ya kujumlisha, nne.

Nne ya kwanza ni kaunta. Nne ya pili ni kipande cha stoo kilichopewa jina la kaunta. Simu ikizidiwa, inahamishia baadhi ya vitu kwenye kipande hicho ili visizimwe kabisa, halafu inavirudisha vikihitajika. Si uongo mtupu, kinaweza kusaidia programu kukaa wazi muda mrefu kidogo. Lakini stoo ni ya polepole mno ikilinganishwa na kaunta, nafasi hiyo inapunguzwa kwenye zile GB za picha, na kuandikaandika huko kunaichosha stoo, ambayo ina idadi yake ya mara za kuandikwa kabla ya kuchakaa. Kuijumlisha na RAM halisi ni sawa na mwenye duka kusema kaunta yake ina mita nane kwa kuwa nyuma kuna meza nyingine ya mita nne.

Linux ina ujanja wa asili ulio bora kuliko huo. Badala ya kukimbilia stoo, inavikunja vitu ambavyo havitumiki kwa wakati huo palepale kwenye RAM, vikachukua nafasi ndogo, na kuvikunjua vinapotakiwa. Simu nyingi za Android hufanya hivyo kimyakimya bila kumtoza mtu. Haiandikwi kwenye boksi kwa sababu haiuziki.

Anayelinganisha simu mbili asome namba ya kwanza tu na kuisahau ya pili. Simu ya "8GB" ya nne jumlisha nne na simu ya "4GB" isiyojisifu ni ndugu mapacha.

Watoto wa Tanga na kazi moja

Kuna ushahidi wa hapahapa nchini kwamba kompyuta ya mkononi ikipewa kazi moja, haihitaji makubwa. Kati ya mwishoni mwa mwaka 2017 na mapema 2019, shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE lilifanyia majaribio yake Mkoa wa Tanga. Karibu watoto 3,000 katika vijiji takriban 170 walipewa vishikwambi aina ya Pixel C vilivyotolewa na Google. Programu za kujifundishia kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili zilikuwa zimewekwa ndani tayari. Hapakuwa na intaneti, na vishikwambi vilichajiwa kwa umeme wa jua kijijini.

Waandaaji walieleza kwamba kabla ya majaribio, asilimia 74 ya watoto hao hawakuwa wamewahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 timu mbili, Kitkit School na onebillion, zilitangazwa washindi wa pamoja wa dola milioni 10.

Pixel C ina RAM ya GB 3. Leo namba hiyo inadharauliwa dukani. Lakini kishikwambi cha Muheza au Korogwe hakikuwa na WhatsApp yenye makundi 20, wala programu tatu za mikopo, wala video za harusi ya binamu. Kilifungua somo, basi. Programu ya onebillion imeendelea kutumika katika shule za msingi za Malawi, jirani wa Songwe ng'ambo ya mto.

Vishikwambi vya Sensa ya Agosti 2022 navyo vilikuwa na kazi moja, kujaza dodoso. Baadaye vikagawiwa walimu, na hapo ndipo vilipoanza kubebeshwa mengine kama simu nyingine yoyote.

Kwa upande wa chini kabisa kuna kisa cha kitochi. Mwaka 2019 ziliingia sokoni nchini simu za vitufe zenye intaneti, zikiendeshwa na KaiOS, mfumo mwingine ulioota juu ya Linux, ambao uliweza kuishi kwenye RAM ya MB 256. Bei haikufika Sh50,000. Zilifungua WhatsApp na YouTube, na kwa watu wengi huo ulikuwa mlango wa kwanza wa intaneti. RAM yake ilitosha kwa kazi iliyopangwa. Lakini WhatsApp iliacha kupatikana kwenye duka la programu la KaiOS katikati ya 2024, na mapema 2025 ikasitisha huduma kwenye simu hizo. Simu haikuharibika. Iliachwa njiani. Ndiyo sababu kununua RAM ndogo kuliko inavyohitajika leo kuna hatari ya pili: programu za kesho zitanenepa tena, na simu ya GB 2 inayojikongoja sasa ndiyo itakayoachwa kwanza.

Kwa anayetaka simu ya kupiga, kupokea na kutuma fedha tu, hesabu hii yote haimhusu. Menyu ya *150*00# haihitaji kaunta yoyote ya maana. Kitochi cha kawaida kinaifungua vilevile kama simu ya milioni moja.

Dukani, kabla fedha haijatoka mkononi

Tatizo la mji wenye pilikapilika ni kwamba simu zinaingia kwa njia nyingi, mpya na zilizotumika, na zipo zilizochezewa ndani ili zionyeshe RAM zisizokuwa nazo. Simu ya namna hiyo, hata kwenye Mipangilio itaandika nane, ilhali ndani kuna mbili au hata moja. Maandishi peke yake hayatoshi.

Jaribio lisilodanganyika kirahisi linachukua dakika tano. Mzazi awashe hotspoti ya simu yake ya zamani, aunganishe simu anayotaka kununua, kisha afungue ukurasa wowote wa intaneti wenye sehemu ya kuandika na aandike maneno machache bila kuyatuma. Kisha afungue YouTube, aache video icheze kidogo. Afungue ramani. Afungue kamera, apige picha mbili tatu. Halafu arudi kwenye ule ukurasa wa kwanza. Maneno yakiwa bado yapo na ukurasa haujajipakia upya, kaunta ni pana. Ukirudi mweupe, ndiyo fomu ya mkopo itakavyorudi siku ile. Muuzaji mwenye mali safi hatakataa kujaribiwa, na anayekataa ameshajibu.

Kisha abonyeze *#06# aone namba ya IMEI, aitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, na jibu litakuja na aina ya simu iliyosajiliwa kwa namba hiyo. Jina likitofautiana na lililopo kwenye boksi, hapo hapana simu. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia Juni 2016, na waliozinunua bila kukagua ndio waliobaki na vioo vya kujitazamia. Risiti ya EFD isisahaulike.

Simu iliyotumika si mbaya kwa sababu tu imetumika. Simu nzuri ya miaka mitatu nyuma yenye GB 4 za kweli inaweza kuizidi mpya yenye GB 2 jumlisha ahadi. Cha kuangalia ni betri, na kama bado inapata masasisho ya usalama, hasa ikiwa fedha za familia zinapita humo.

Stoo nayo ina mambo yake

Kwa stoo, hesabu ni rahisi na inategemea tabia. Mfumo na programu zake vinachukua GB 10 hadi 20 kabla ya familia kuweka chochote. Picha 1,000 zinachukua GB 4 au 5. Video ndiyo mla nyumba: dakika moja ya ubora wa kawaida wa kamera inafika karibu MB 130, kwa hiyo mahafali ya dakika kumi ni zaidi ya GB 1. Kipindi cha watoto cha nusu saa kilichopakuliwa kwa ubora wa chini kinachukua kama MB 100 hadi 150. Vitabu vya kiada vinavyosomwa bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania havina uzito wa kutisha. Simu ya GB 32 inajaa ndani ya mwaka, ya 64 inaenda ikisafishwa, na 128 ni ya nyumba yenye mpiga picha.

Stoo iliyojaa hadi mlangoni inaifanya simu nzima iwe nzito, hata kama RAM ni nyingi, kwa kuwa mfumo unakosa pa kuweka vitu vyake vya muda. Kubaki na angalau sehemu moja ya kumi ikiwa tupu kunasaidia. Na mchafuzi mkuu anajulikana. Kila video ya vichekesho, kila picha ya "habari za asubuhi" yenye maua na kikombe cha chai, inayotumwa kwenye kundi la wazazi, la ukoo, la kikoba na la kwaya, inajipakua na kukaa humo. Ndani ya mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, kuna pa kuzima upakuaji huo wa kiotomatiki na pa kuona ni kundi gani limekula GB ngapi. Wazazi wengi wakiangalia mara ya kwanza wanashtuka kukuta GB 10 au zaidi za vitu ambavyo hawakuwahi kuvifungua.

Memori kadi inafaa kwa kuhamishia picha za familia. Kadi ya GB 512 inayouzwa kwa bei ya soda mbili ni bandia. Itapokea picha zote bila kulalamika na kuzipoteza kimyakimya baada ya kujaa ukubwa wake halisi.

Ile simu ya zamani

Baada ya simu mpya kununuliwa, ile ya GB 2 hutupwa kabatini au kuuzwa kwa bei ya kutupa. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuitumia vizuri kuliko mpya. Picha zikishahamishwa, irudishwe hali ya kiwandani, laini itolewe, WhatsApp isiwekwe. Iwekewe programu moja au mbili za kusoma na kuhesabu, na katuni chache za elimu za Kiswahili zilizopakuliwa tayari, kama zile za Ubongo za hapa nchini. Ikibaki hivyo, inafunguka haraka kwa sababu hakuna kinachogombea kaunta. Isiwekewe akaunti ya fedha ya mzazi, wala neno siri la mzazi, na ichajiwe sebuleni.